Kadi ya Roboti Namba Tisa

"Shangazi anaumwa jino. La tisa."

Sauti ilinong'ona ndani ya sikio la kushoto la mwalimu wa roboti, ukumbini, mbele ya wazazi wote. Hakupepesa hata ukope.

Idarani aliitwa Sindano. Hapa shuleni, kwa muhula mzima sasa, aliitwa Mwalimu. Aliwafundisha watoto wa darasa la tano hadi la saba kuunda roboti na kuziandikia programu, kazi ambayo yeye mwenyewe alijifunza kwa wiki mbili, akiwatangulia wanafunzi wake kurasa tatu tu. Shangazi naye hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa majasusi, na jino la tisa lilikuwa jibu lililosubiriwa kwa miezi mitatu.

Mzigo umo kwenye roboti namba tisa.

Sindano akageuka. Alikuwa amechelewa.

Mfadhili aliyeipa shule roboti zote kumi na mbili, bwana mmoja mnene wa suti ya kijivu, alikuwa ameshaipakata namba tisa.

"Hii nakwenda nayo kwa matengenezo," alimwambia mwalimu mkuu. "Wenzetu ng'ambo watairekebisha."

"Mungu akuzidishie, baba," mwalimu mkuu alijibu, nusura apige magoti.

Mkono wa Sindano ukaingia ndani ya koti na kuigusa bastola yake ya Glock 19. Walinzi wawili wa Mfadhili walisimama mlangoni, makoti yametuna ubavuni. Kati yake na mlango waliketi watoto themanini, sakafuni, magoti yamegusana.

Mkono ukatoka mtupu.

"Kuna nini mle ndani?" alinong'ona kwenye saa yake ya Casio.

"Memori kadi," Shangazi alisema. "Ina namba za siri za milango ya bwawa, zilizoibwa zikafichwa humo. Akiifikisha garini kwenye laptopu yake, anawatumia mabwana zake, na miji mitatu ya bondeni inakwenda na maji."

"Nifyatue?"

"Usithubutu. Watoto."

"Basi nifanye nini?"



Mfadhili alipita, akampiga bega. "Hongera, Mwalimu. Endelea hivyo hivyo."

"Ahsante, mzee," Sindano alisema. Akabaki ameduwaa kama kuku aliyenyeshewa, na bastola yake, na saa yake ya kijasusi, na ujanja wake wote. Aliona uchungu. Aliona na aibu.

"Sasa, roboti namba nne!" mwalimu mkuu akatangaza.

Akasimama msichana wa darasa la sita aliyebandikwa jina la Skrubu, kwa sababu bisibisi yake ililala ndani ya soksi. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu. Lori lilikuwa limeshapakiwa, linamngoja barabarani. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga shule hiyo.

"Baba, kaa hapo hapo. Usisogee."

"Nimekaa, mama. Sisogei."

Roboti ya Skrubu ingefuata utepe mweusi kutoka mezani hadi miguuni pa baba, imebeba kikombe cha maji bila kumwaga. Miezi mitatu alikuwa akiiandika programu hiyo, akifuta, akiandika tena.

Darasa lile lilikuwa na desturi yake. Roboti kumi na mbili, watoto themanini, vifaa haba. Ukiazima kitu, unamshukuru mwenyewe hadharani kabla hujawasha.

"Tunawashukuru kundi la tisa," Skrubu alisema kwa sauti kavu ya woga. "Memori kadi yetu ilikufa jana. Walipomaliza zamu yao asubuhi, wakatuazima ya kwao."

Akabonyeza. Roboti ikaanza kutambaa.

Moyo wa Sindano ukaruka. Mfadhili ameondoka na ganda!

Furaha yenyewe haikudumu. Sikioni ikaingia sauti ya mwenzake, aliyekuwa getini kwa ngazi na ndoo, akijifanya fundi rangi.

"Ameifungua roboti. Anatukana. Wanarudi huko, wote watatu, bastola nje."

"Toa kadi humo," Shangazi akadakia. "Ikibaki, watampekua mtoto mmoja mmoja. Waone unayo wewe, wakufuate wewe."

"Nahitaji dakika moja. Roboti iko njiani."

"Huna."

Roboti ilikuwa nusu ya utepe. Maji hayajamwagika hata tone. Baba ameinama mbele, mdomo wazi, viganja viko tayari.

Sindano akapiga goti kama anayekagua gurudumu. Kidole gumba kikabonyeza. Kadi ikachomoka.

Roboti ikasimama.

Mtu nyuma akacheka, na wengine wakafuata. Sindano alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni.

Alikutana na Mfadhili na walinzi wake kwenye korido.

"Unatafuta hii, mzee?"

Akainua kadi juu, akatimua mbio. Jozi tatu za viatu vizito zikamfuata, mbali na ukumbi, hadi stoo ya madawati. Hapo Sindano alijipenyeza nyuma ya mlango. Wa kwanza alipoingia alipokea kiwiko cha koo. Wa pili alipokea mguu wa dawati. Mfadhili akageuka akimbie, akakutana na ndoo ya rangi nyeupe, na nyuma ya ndoo, fundi mwenye pingu.

Hakuna risasi iliyolia.

"Safi," Shangazi alisema. "Gari lipo nyuma ya jiko. Una dakika nne. Mtu akiuliza, hakukuwa na kadi. Hakukuwa na mwalimu."

Njia ya jikoni ilipitia ukumbini. Wazazi walikuwa wanatawanyika. Baba wa Skrubu aliifuata roboti pale ilipokwama, akakichukua kikombe, akanywa maji yote, akamshika binti yake kichwani. Nje honi ililia mara mbili.

"Siku nyingine, mama," alisema, akaenda.

Skrubu alikaa chini, laptopu ya shule mapajani. Hakuwa analia, na afadhali angelia.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote."

"Si ulitufundisha roboti haikosei? Ulisema kosa liko kwenye maelekezo." Akajifuta pua. "Maelekezo niliandika mimi."

Sindano alifungua mdomo. Kadi ilikuwa mfukoni, inamchoma. Aliwahi kupigwa siku tatu katika chumba kisicho na dirisha asitamke hata jina lake, na hakuona tabu kama hii. Neno moja tu lingetosha. Hakuwa na ruhusa ya neno hilo.

"Dakika mbili," Shangazi akakumbusha.

Skrubu aliweka kidole kwenye kioo. "Mstari wa kwanza uko sawa," alisema polepole. "Wa pili uko sawa."

Sindano akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akafunga kifungo cha koti, akatoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala deni na yeyote.

Nyuma yake ilibaki mistari mia moja na nne.