Viatu Chini ya Baibui

“Hiyo haitundikwi, Raya. Nirudishie.”

“Kwa nini? Mbona ndiyo nzuri kuliko zote?”

Salehe alinyoosha mkono, lakini Raya alikwisha kuisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha la ofisi ya sinema. Ilikuwa kazi ya marehemu Rehani, baba yake Salehe, aliyekuwa mpiga picha wa jumba la sinema la mjini Morogoro. Enzi ya Ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, watu walihamia kwenye mabanda ya video, na jumba likanunuliwa na Bwana Salum, tajiri wa Mkuyuni, ili liwe ghala la mitumba. Raya, mwalimu wa historia, aliapa kwamba halitafungwa kimya kimya. Jumamosi, kabla ya funguo kukabidhiwa, picha zote zingetundikwa ukumbini, mji ujue ulikotoka.

Picha ile ilikuwa ya onyesho la Jumapili alasiri, la wanawake pekee. Nyuso zilikuwa wazi, zikicheka. Mwisho wa safu, mmoja tu alikuwa amejifunika uso mzima, na chini ya baibui lake vilitokeza viatu vya kiume vya rangi mbili, vyeusi kwa vyeupe.

“Huyu aliye kando yake ni mama yangu,” Raya alisema polepole. “Na viatu hivi viko mvunguni mwa kitanda nyumbani. Huvaliwa Idi hadi Idi.”

“Raya, basi.”

“Huyu ni baba!”

Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Baba yake, Mzee Luqmani, alikuwa ameikataa posa ya Salehe kwa maneno makali: mtoto wa mtu wa sinema, mahali pa uhuni, hataingia kwake. Na Ijumaa angepokea mahari ya Bwana Salum, aliyemposa Raya.

“Amekutukana barazani mbele ya watu, nawe picha hii unayo?”

“Marehemu aliniusia. Picha ya mtu aliyejificha ni amana. Nikimtisha mkwe ili nioe, nitakuwa nimeoa au nimeteka?”

Raya aliitia picha ndani ya bahasha.

“Basi hatumtishi. Tunamrudishia mali yake.”

Akainua simu, akapiga kwenye duka la baba yake, lililokuwa mbele ya nyumba yao Mwembesongo.

“Haloo! Nani?”

“Shikamoo, baba. Ni Raya.”

“Marahaba. Kama ni habari ya yule kijana, nakata.”

“Ninakuja naye, baba. Tafadhali usitoke.”

“Unaniamuru?”

“Ninakuomba. Lakini ninakuja.”

Mzee Luqmani aliwapokea sebuleni. Mkewe, Bi Pili, alikuwa akichagua mchele kwenye ungo.

“Shikamoo, mzee,” Salehe alisema.

“Marahaba. Keti hapo mlangoni, maana safari yako ni fupi.”

Salehe hakuketi. Alimpa bahasha kwa mikono miwili.

“Humo ndani mna picha na filamu yake. Nakala nyingine hakuna. Marehemu baba alikuwekea.”

Mzee aliitazama picha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bi Pili alichungulia begani kwake, na ungo ukamponyoka.

“Yarabi! Si nilikwambia uvae ndara, Luqmani? Ukasema ndara si heshima!”

“Pili! Kuna watoto hapa.”

“Na huyu Raya angepatikana wapi kama si Jumapili zile?”

Mzee hakucheka. Alimgeukia Salehe.

“Nani mwingine ameiona?”

“Marehemu, mimi na Raya. Marehemu alisema mwenye picha ni mtu wa heshima.”

“Nami nimemwita mhuni hadi kaburini.”

“Baba,” Raya alisema, “hata ukikataa, picha ni yako na hatuitundiki. Lakini mahari ya Ijumaa isipokewe. Nitaolewa na Salehe kwa idhini yako, au nitazeekea humu ndani pamoja nawe.”

Kisha Mzee Luqmani aliinuka, akaenda dukani, nao wakamsikia akipiga simu.

“Bwana Salum? Ijumaa msije... La, hajaugua. Ana mchumba wake... Mtoto wa Rehani. Ndiyo, yule yule wa sinema! Uungwana ni vitendo, bwana, nami nimeuona leo.”

Raya aliushika mkono wa Salehe mbele ya mama yake, naye Bi Pili akainamia mchele uliomwagika kana kwamba hakuona.

Jumamosi, ukumbi ulipokuwa umejaa watu, Mzee Luqmani aliingia amebeba nyundo, msumari na picha ile, sasa imetiwa fremu. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka; miguuni alivaa viatu vya rangi mbili.

“Baba, si lazima,” Raya alinong’ona.

“Nani amesema ni lazima? Mkwe, hebu nishikie hapa. Rehani alikuwa akisimama wapi kupiga picha?”

“Hapo hapo mlangoni, baba,” Salehe alijibu.

“Basi hapa hapa.”

Bi Pili alimtazama mumewe tangu kofia hadi viatu.

“Na leo, bwana, baibui umeliacha wapi?”

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mzee Luqmani hakugeuka. Aliunyoosha msumari sawasawa, akaupigilia.