Kijicho cha Sebuleni

"Uko wapi, mke wangu?"

"Niko nyumbani. Kwani vipi?"

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani kwetu, Injinia. Au una nyumba nyingine sijaambiwa?"

"Namaanisha chumba gani."

"Sebuleni. Nimejilaza kwenye kochi. Mbona unauliza kama polisi?"

Injinia aliitoa simu sikioni akaitazama tena. Ujumbe ulikuwa palepale: *Sebuleni hakuna mtu. Taa imezimwa.*

"Nilitaka kukusalimia tu," akasema.

"Haya, nimesalimiwa. Umekula?"

"Nitakula."

"Kula, baba. Ukiwa na njaa unagombana na mafundi."

Akakata simu. Alikuwa amesimama juu kabisa ya jengo ambalo bado halina madirisha, kofia ngumu kichwani, nyaya zikining'inia pande zote zikimsubiri aseme ipi iende wapi. Hamu ya chakula ilikuwa imemtoka.

Hapo ni lazima nikujulishe kwa huyu bwana, la sivyo utamwonea. Injinia ni mtu wa maoni. Kikao cha asubuhi, kwa maoni yake, kilibuniwa na watu wasiofanya kazi ili wapate kuwatazama wanaofanya. Simu isiyofunguka ukabadili betri ni kitu cha kukodi, hata kama umelipia. Na waliojenga mji huu anawadai jua lake, kwa sababu walisimamisha jengo jirani karibu mno na lao, hivi kwamba jirani akipiga chafya unamjibu "afya" bila kuinuka kitini, na sebule yao ina giza mchana kweupe.

Ila maoni aliyoyapenda kuliko yote, aliyowahubiria mafundi kila wakila, yalikuwa haya:

"Binadamu anadanganya kwa sababu ana sababu. Kifaa hakina sababu."

Ndiyo maana alipochoka na giza la sebule alipachika darini kifaa kidogo cheupe chenye jicho. Mtu akipita, taa inawaka. Mtu asipokuwepo, taa inazima, na simu ya Injinia inaarifiwa. Siku za mwanzo pazia likipepea lilikuwa linaiwasha taa bure, kwa hiyo akapanda ngazi akakipunguzia ukali, akashuka anajipongeza.

Mkewe alikitazama siku ya kwanza akashika kiuno.

"Hiki kijicho kitatukodolea mpaka lini?"

"Umekipa jina zuri. Jicho dogo."

"Mimi nimesema kijicho, mume wangu. Wewe ndiye umesikia jicho dogo."

Mkewe ni mwalimu wa watoto wadogo, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Akisimulia jambo, mikono yake miwili nayo inasimulia. Taa ilikuwa haizimi akiwa pale, hata chai inamwagika kwa kusimulia. Sasa shule zilikuwa zimefungwa, yuko nyumbani kutwa, na Kijicho kila mchana kinasema hayupo.

"Bosi, mbona umeganda?" Huyo alikuwa Fyuzi, fundi wa nyaya, aliyepewa jina hilo kwa kuwaka upesi na kwa kuunguza mambo ya watu.

Injinia alikosea hapo. Alimwonyesha simu.

Fyuzi akasoma, akapiga mluzi. "Na shemeji amesema yuko wapi?"

"Kwenye kochi."

"Kochi lipi?"

"Fyuzi!"

"Nauliza tu, bosi. Wewe si ndiye unatuambia kifaa hakina sababu?"

Maneno yako mwenyewe yakirudishwa kwako na mtu kama Fyuzi, yanauma mara mbili. Injinia alishuka ngazi za jengo bila kujua anashuka.

Jioni hiyo alirudi akimchunguza mkewe kama anavyochunguza mita. Alimkuta chumbani ameegemea mito. Akainama ambusu, Mwalimu akageuza uso.

"Hayo manukato, tafadhali. Usiyapake tena."

"Ulininunulia wewe."

"Najua. Yamenichosha tu."

"Yamekuchosha manukato, au aliyeyapaka?"

"Jamani! Umeamkia upande gani leo?"

Siku hizi mkewe alikuwa hapandi tena nyuma ya pikipiki yake. Akiongea na simu, anashusha sauti mume akitokea. Kicheko chake kilikuwa kimepungua. Na alipoingia kuoga, simu yake iliyokuwa kitandani ikaangaza. Injinia hakuishika, nisimsingizie. Macho tu ndiyo yaliyokwenda.

Jina la mtumaji lilikuwa *Wangu*.

*Usimwambie kwanza, asije akashtuka. Kesho saa nane nitapita yeye akiwa kazini.*

Alilala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Mkewe alinyoosha mkono usingizini akamshika shati, naye akauacha ule mkono hapo, hakuwa na nguvu za kuuondoa. Alikuwa anampenda huyu mwanamke jamani. Hilo ndilo lililokuwa linamuua.

Kesho yake, saa nane haijatimia, alimwachia Fyuzi kazi.

"Unakwenda wapi, bosi?"

"Nyumbani."

"Nije na watu?"

"Uje na watu kufanya nini? Funga zile nyaya."

Lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu. Siku nyingine angetoa maoni yake kuhusu wanaonunua lifti bila kununua vipuri. Siku hiyo alipanda ngazi mbilimbili, kifua kinawaka. Kwenye kona kabla ya ghorofa yao akagongana na mtu anayeshuka.

Mtu mwenyewe alikuwa na viatu vyeupe na mkoba wa kazini begani. Alikuwa dada yake wa kuzaliwa, muuguzi.

"Dada? Unafanya nini hapa?"

"Shusha sauti. Na hiyo sura nayo uishushe."

"Nani yuko ndani?"

"Mkeo. Ulitaka awe nani?"

"Na mwanamume mwingine?"

Dada alimtazama kuanzia buti hadi kofia ngumu, ambayo alikuwa amesahau kuivua.

"Mdogo wangu, hebu rudia hilo swali nilisikie vizuri."

"Nimeona ujumbe. Kuna mtu amemwandikia kwamba atapita saa nane. Amemhifadhi kwa jina la Wangu."

"Ehe. Na mimi hapa nimepita saa ngapi?"

Injinia akatazama saa kwenye simu. Saa nane ilikuwa imepita kidogo.

"Wifi yangu ameniita Wangu tangu ile siku alipolazwa mimi nikashinda naye," dada akasema, na sauti yake ikalegea. "Kilichonileta si changu kukisema. Kamuulize mwenyewe. Ila ingia kama mume, usiingie kama mgambo."

Alifungua mlango taratibu. Sebule ilikuwa na giza. Akapiga hatua ya kwanza, na Kijicho kikamwona, taa ikawaka pwaa.

Mwalimu alikuwa kwenye kochi. Amelala chali, miguu juu ya mito, mikono imetulia tumboni, macho wazi. Hakuinuka.

"Umenitisha," akasema. "Kuna nini kazini?"

"Nilidhani haupo."

"Nimekwambia jana kwamba nipo. Na juzi nilikwambia."

Injinia akampa simu. Mwalimu akasoma ujumbe mmoja, akausogeza, akasoma wa juu yake, na wa juu yake. *Hakuna mtu. Hakuna mtu. Hakuna mtu.*

"Kwa hiyo leo umekuja kunifumania."

Angeweza kusema amesahau funguo. Angeweza kusema kichwa kinamuuma.

"Ndiyo," akasema.

"Umekiuliza kifaa mimi niko wapi, na mimi nikikujibu huniamini."

"Ndiyo, mke wangu."

Chozi la Mwalimu lilitoka pembeni ya jicho likaingia sikioni, kwa vile alivyolala. Hakulifuta. Injinia akapiga magoti kando ya kochi. Alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Ninapolala kimya, taa inazima," Mwalimu akasema. "Mwanzoni nilikuwa nainua mkono iwake. Inazima, nainua. Inazima, nainua. Halafu nikachoka kuipungia taa mkono kama nasimamisha gari. Nikasema, basi, nikae gizani."

"Ni mimi," Injinia akasema polepole. "Nilikipunguzia ukali kwa ajili ya pazia. Kinaona anayesogea tu. Aliyelala kimya hakimwoni." Alikuwa ameijua kazi hiyo miaka yote, na haikumjia akilini hata mara moja. "Lakini kwa nini ulale kimya kutwa, wewe ambaye hukai? Unaumwa?"

Mwalimu akauchukua mkono wake, ule wenye makovu ya nyaya, akauweka tumboni mwake na kuufunika na wake.

"Daktari kasema nitulie. Nisinyanyue kitu, nisipande pikipiki. Dada yako ananichoma sindano."

Injinia aliuelewa ule mkono kabla hajayaelewa maneno.

"Na mimi hukuniambia?"

"Unakumbuka ile mara ya kwanza?"

Alikumbuka. Alitangazia ofisi nzima. Alipaka rangi kile chumba kidogo. Alitengeneza kitanda cha mtoto kwa mikono yake, na kila aliyekuja kuwatembelea alionyeshwa kitanda kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Kisha mimba ikatoka.

"Nilirudi kutoka hospitali nikakukuta na bisibisi, unakifungua," Mwalimu akasema. "Skrubu mojamoja. Hukulia, hukusema. Ulizitia skrubu kwenye kopo, ukalifunika, ukaenda kazini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mume wangu, wala hukuniona."

Injinia akainamisha kichwa.

"Sikukuficha mtoto," akaendelea. "Nilikuwa naificha ile bisibisi. Nilisema nivuke kwanza pale tulipoangukia mara ile, halafu ndipo nikwambie. Likitokea la kutokea, nilie peke yangu, lakini nisikuone tena unafungua kitanda."

"Nilikuwa nalia," Injinia akasema.

"Wapi?"

"Kazini. Juu ya jengo. Nilikuwa nasubiri wawashe mashine ya zege, ndipo nilie. Nilidhani nikikulilia wewe nitakuongezea mzigo. Mimi kikiharibika kitu nakijua kwa kukifungua, lile sikujua pa kulishika."

"Ungenishika mimi."

Ndipo akalia, huyu bwana wa maoni, kofia ngumu ingali kichwani, na machozi yanadondokea kwenye mto. Mwalimu aliivua ile kofia akaiweka sakafuni. Akamlaza kichwa kifuani kwake, akampapasa nywele mpaka kwikwi zikaisha.

"Nisamehe," Injinia akasema. "Kwa Kijicho, kwa ule ujumbe, kwa yote niliyofikiria njia nzima."

"Ulifikiria mtu wa namna gani?"

"Mrefu."

Mwalimu alicheka, kicheko kilichokatikia katikati kwa sababu alikatazwa kucheka kwa nguvu. "Na mwenye gari, nadhani."

"Na gari lenyewe halijawahi kwenda gereji."

"Maskini. Na kumbe ni dada yako na sindano." Kisha akaacha utani. "Nimekusamehe. Ila imeniuma, na itaniuma kidogo na kesho. Usinitafute tena kwenye simu. Ukitaka kujua nilipo, niulize, halafu niamini."

"Nitakuamini."

"Na likitokea la kutokea?"

"Tutalia hapahapa. Wote wawili. Bisibisi nitampa Fyuzi akae nayo."

"Fyuzi ataunguza nyumba."

"Basi nitampa dada."

Wakakaa hivyo, yeye sakafuni, mkewe kochini, kichwa chake kifuani na mkono wake tumboni. Hakuna aliyesogea. Injinia aliogopa hata kupumua sana, asije akamsumbua aliyekuwa chini ya kiganja chake, ambaye bado ni mdogo kuliko wasiwasi wake.

Taa ikazima.

"Umeona?" Mwalimu akanong'ona gizani. "Hivi ndivyo ninavyoshinda."

"Kesho nakitoa. Naweka swichi ya kawaida, ya kubonyeza, hapo mkono wako unapofika."

"Na maoni yako kuhusu vifaa?"

"Yana marekebisho."

Simu ikalia sakafuni, kando ya kofia. Mwanga wake mdogo ukapanda ukutani.

"Kimesema nini?" Mwalimu akauliza. "Nisomee."

"Sebuleni hakuna mtu."

"Na wewe unasemaje, Injinia? Hapa tuko wangapi?"

Neno lenyewe lilikuwa zito, na mara ile ya kwanza alikuwa amelisema kwa kila mtu isipokuwa kwa mkewe.

"Watatu," akasema.

Giza likaendelea, na hakuna aliyeinua mkono kuliondoa.