Halua Nyuma ya Jiwe

Karani Patroba hakuwa mtu wa kuogopa mapepo. Kwao bara, alipenda kutania, mapepo yalitimka siku reli ilipofika. Hofu yake ilikuwa moja tu: tumbo la mkewe Kerubo. Mimba mbili zilikwisha kuharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba, na kila usiku alilala sikio wazi.

Jumapili hiyo ya mwaka 1965, miezi miwili tangu ahamishiwe kisiwani Amu, alimtoa mkewe kwenda kupunga upepo. Walipita mtaa wa Wiyoni polepole kwa miguu, wakafika ufuo usio na mtu. Mchanga mweupe. Maji tuli. Wakakaa kwenye kivuli cha jiwe kubwa, wakala viazi walivyofungasha.

"Natamani kitu kitamu," Kerubo akasema kwa lugha ya kwao.

Mjamzito hanyimwi. Patroba akainuka. Lakini atafute nini ufuoni? Ndipo pua yake ikanasa harufu...

Ubani.

Akaifuata nyuma ya jiwe, akakuta sinia: yai, tambuu, chupa ya marashi, na bakuli la halua inayong'aa mafuta. Pale palikuwa kimya. Hapakuwa na mtu, wala nzi hata mmoja juu ya utamu wote ule.

Mwenyeji yeyote angepiga bismillahi na kurudi kinyumenyume. Patroba yeye alicheka. "Bahati ya mtende hii!" Akabeba bakuli.

Kerubo akala yote, akalamba vidole. Upepo ukakata.

Mara mchanga ukalia chakacha... chakacha... Mwanamke wa buibui alikuwa anakuja mbio. Patroba akamtambua: Bi Mwanamkisi wa Wiyoni, aliyemuuzia mahamri kila asubuhi. Hakusalimu. Akapita moja kwa moja nyuma ya jiwe, akarudi, akamwita Patroba kando.

"Bwana Karani," akanong'ona, "ni nani aloila?"

"Mke wangu. Tusamehe, Bi. Ilikuwa ya nani?"

"Ya huyo alomkalia mwanangu. Miezi mine Radhiya hakunena. Mtana huu ameketi kitandani, akaniambia, mama, nna ndaa, nataka kula. Nimekuya kutezama kama huyo amekubali kuondoka." Macho yake yakashuka hadi tumboni kwa Kerubo. "Ya Rabbi..."

Furaha na huruma vilipigana usoni mwake. Patroba, mtu asiyeogopa mapepo, akapiga magoti mchangani.

"Nisaidie, Bi. Mwite. Mwambie arudi."

"Arudi kwa nani, Bwana? Kwa Radhiya?" Akapiga hatua nyuma. "Niwie radhi. Na mimi ni mama."

Akakimbia, wala hakugeuka.

Patroba akarudi kwa mkewe. Kerubo alikuwa ameketi wima, viganja vyote viwili vikizunguka tumboni, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani, basi. Sasa kinywa kikafunguka, kikatoka Kiamu cha watu wa kale, kwa sauti nzito, yenye adabu.

"Bwana, nyumba hini nimekuta mtu. Nimtoe?"

Patroba alitaka kusema hapana.

Badala yake akakandamiza viganja vyake juu ya vya mkewe, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.