Wageni wa Tovuti ya Mama Funguo

Mama Funguo alikuwa dalali wa nyumba. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu funguo za nyumba za watu hazikumtoka kiunoni. Yeye na mumewe walikuwa na tovuti yenye picha za nyumba za kupanga. Watu waliitembelea kwa wingi, lakini simu ilikaa kimya. Wenye nyumba wakaanza kudai funguo zao.

"Tuweke video nyingine kwenye mitandao ya kijamii," alisema mumewe. "Ile ya paka aliyelala kwenye sinki imeleta watu wengi."

"Wengi wapi, baba watoto? Nani amepanga?"

Mama Funguo akamwita jirani yao, mwanamke aliyekuwa fundi wa tovuti. Jirani akafungua ukurasa wa takwimu kwenye kompyuta.

"Hapa tunaona wageni wenu wanatokea wapi," alisema. "Hawa walitafuta nyumba mtandaoni. Hawa waliandika jina la tovuti yenu moja kwa moja. Na hawa wengi wametoka kwenye video."

"Si nilisema!" mume akachekelea.

"Ngoja kwanza, shemeji. Hawa wanamwona paka, wanacheka, wanaondoka. Hawafungui hata nyumba moja. Sasa tazama hawa wachache. Wametoka kwenye tovuti ya chuo cha wauguzi. Chuo kimeweka kiungo cha kuwaleta kwenu. Wanapekua nyumba moja baada ya nyingine, halafu wanakata tamaa."

"Kwa nini?"

"Mwanafunzi anatafuta chumba kimoja. Nyinyi mmeweka nyumba za familia tu."

Mama Funguo akajipiga paja. "Vyumba ninavyo! Sikuviweka kwa kuwa picha zake hazikupendeza. Kumbe wateja wanabisha hodi, sisi tunamchekea paka!"

Kesho yake waliweka vyumba vyote vilivyo karibu na chuo. Waliandika kodi, hali ya maji, na mwendo wa kufika darasani. Wakakubaliana kumuuliza kila atakayepiga simu, "Umetupata wapi?" Maana kompyuta haijui yote, wengine huambiwa na rafiki.

Simu zikaanza kuita. Haukupita muda, vyumba vikajaa. Hapo wenye vyumba wakatulia, ingawa nyumba za familia zilibaki bila wapangaji.

Siku moja Mama Funguo alikuwa akimkabidhi mwanafunzi chumba chake. Binti alifungua dirisha, akatabasamu.

"Mama, walimu wetu wawili wanatafuta nyumba za familia. Niwape namba yako?"

"Wape, mwanangu," alisema Mama Funguo. "Wape sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."