Sikutaja Jina

Ukitaka kujua Nakuru ina watu, ingia duka la fotokopi nyuma ya posta siku ya mwisho ya kupeleka makaratasi ya serikali. Siku hiyo mashine moja ilikuwa imekufa, ya pili inakohoa, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikakata kona hadi kwa muuza mitumba. Sumeya Ubaid alikuwa ndani ya foleni hiyo tangu saa tatu, amevaa abaya nyeusi yenye nakshi za buluu mikononi, mtandio wa rangi ya haradali, na raba nyeupe ambazo tope la Bondeni halikuzionea huruma. Alikuja kuchapisha ripoti ya mwaka ya kituo chake. Alipofikiwa alichapisha, akalipa, akachomoka mbio. Kufika barabarani akafungua karatasi na kukuta habari za ufugaji wa nyuki kule Mogotio.

Alirudi akihema. Pale mlangoni alikuta mwanamume wa shati la miraba na sweta isiyo na mikono, viatu vimepigwa rangi vikang'aa, amesimama katikati ya watu akiisoma ripoti ya Sumeya kwa makini kama barua kutoka nyumbani.

"Madam, hii yako ni tamu," alimwambia bila hata salamu. "Lakini ukurasa wa tisa una watoto ishirini na wawili, wa kumi na nne una ishirini na watatu. Huyo mmoja ametoka wapi?"

"Na wewe nani alikupa ruhusa ya kusoma vitu vya watu?"

"Mashine, boss. Mashine ndiyo ilinipa."

Sumeya alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Jamaa aliitwa Weldon Kimutai, na kazi yake ilikuwa kuratibu Mtandao wa Hisani, muungano wa mashirika madogo arobaini kuanzia Longonot mpaka Bahati. Alimweleza mambo ya Mtandao wakiwa bado wamesimama mlangoni, watu wakiwasukuma. Shirika dogo likiwa peke yake, alisema, kila mwenye muhuri analisumbua. Yakija arobaini yameshikana, yanavutiwa viti. Yana wakili mmoja wa pamoja, yanafundishana, yanakaguana yenyewe kwa yenyewe kila mwaka, na likiguswa moja yanapiga kelele yote.

Kituo cha Sumeya kiliitwa Pumzika. Kilikuwa vyumba viwili vya kupanga huko Bondeni, ambapo akina mama waliacha watoto wasioweza kutembea wala kusema, wakaenda sokoni kutafuta riziki bila kumfungia mtoto ndani. Mwezi haukuisha Pumzika ikawa mwanachama. Na huo ulikuwa mwanzo tu, maana Weldon alianza kupiga simu kila siku saa saba mchana kuuliza kama amekula.

"Mwanamume anayeuliza chakula kila siku," Sumeya alimwambia siku moja, "ama anapenda ama ana njaa."

"Kwani siwezi kuwa na vyote viwili?"

Sumeya alimfundisha kusema laazizi, yaani mpenzi, na ulimi wake wa Mogotio ukaivuruga ile z hadi Sumeya akalia kwa kucheka. Mama yake, Bi Khadijo, alikuwa akisikia kicheko hicho nyuma ya pazia na kujifanya hajasikia. Jioni moja tu aliuliza, huku akikuna nazi, kama yule Mkalenjin anajua kula pilau kwa mkono. Sumeya alielewa kwamba ameruhusiwa. Weldon naye, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameshaanza kwenda kwa sheikh kuuliza maswali.

Ziwa Naivasha lilipopanda likaingia mtaa wa Kihoto, maktaba ya watoto ya mwanachama mmoja ilijaa maji hadi madirishani. Desturi ya Mtandao ni kwamba mmoja akianguka, wengine wanakuja na ndoo. Maji yalipopungua walikwenda wote, na Sumeya na Weldon wakapewa viti vya plastiki wavisugue tope. Walikaa nyuma ya jengo kwenye kreti za soda, jua la saa kumi likiwachoma shingo, mikono ndani ya povu. Weldon akauliza kwa nini, kati ya kazi zote za hisani, alichagua hii.

Kwenye ripoti Sumeya aliandika siku zote kwamba aliona uhitaji katika jamii. Siku hiyo alisema kweli. Alikuwa na mdogo wake, Zayed, asiyeweza kutembea, mwenye kifafa. Mama aliuza sambusa sokoni, na kila Jumamosi alimwachia Sumeya mtoto, redio ikiwa juu kabisa kwa sababu Zayed aliipenda. Jumamosi moja, Sumeya akiwa na miaka kumi na miwili, harusi ilipita mtaa wa pili na ngoma. Akafunga mlango akaenda kumwona bi harusi. Alitaka kumwona tu, arudi. Aliporudi redio ilikuwa bado inaimba, na Zayed alikuwa ameangukia uso kwenye godoro, ameshakwisha. Sumeya alimwambia mama kwamba alikuwa jikoni anakoroga uji. Mama aliamini. Na kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa na haraka akasahau kumpa mtoto dawa, alijitwika kifo chote yeye mwenyewe. Kila Ramadhani kwa miaka kumi na saba alimwomba binti yake radhi kwa kumwachia mzigo ule, na kila mwaka Sumeya alipokea ile radhi, akala tende, akanyamaza.

"Hata mama hajui," alimwambia Weldon. "Wewe ndiye wa kwanza. Ukishasikia, sahau."

"Nimesahau," Weldon akasema, akaushika mkono wake wenye povu. Na saa ile alikuwa anamaanisha.

Mwaka uliofuata kanuni mpya za kaunti zikaanza kupikwa. Kila kituo cha hisani kinacholea watoto kilitakiwa kiwe na jengo lake chenyewe, kwenye kiwanja chake chenyewe. Pumzika ingefungwa kabla ya Desemba, na watoto ishirini na wawili wangerudi kufungiwa ndani. Mtandao ukakusanya sahihi, ukaandaa hoja, ukaomba nafasi ya kutoa maoni mbele ya kamati ya kaunti. Siku yenyewe Sumeya aliwaleta akina mama wake ukumbini kwa mistari miwili. Bi Khadijo, ambaye hakuwa kwenye mpango, alisema naye anakuja, akavaa buibui lake la sikukuu. Weldon alikuwa ameinamia makaratasi yake kule mbele, ndani ya suti ya kuazima. Hakumwona mama huyo akiingia.

Mambo yalianza vibaya. Wakili alizungumza vifungu, hakuna aliyeinua kichwa. Mzee Wanyoike, mwenyekiti wa Mtandao, akasihi kwa upole, na mjumbe mmoja wa kamati akapiga miayo waziwazi huku mwenzake akichezea simu. Zilibaki dakika tano. Weldon akasimama, akaangalia karatasi zake, akazikunja.

Sasa, huyu ni mtu aliyefundisha wenzake miaka sita namna ya kutoa ushuhuda. Badilisha jina, badilisha umri, badilisha mtaa, na mwenye kisa hatajulikana. Alifanya yote hayo. Zayed akawa Juma, msichana akawa wa miaka kumi, Bondeni ikawa Flamingo. Lakini redio aliiacha vilevile ilivyokuwa. Bi harusi alimwacha. Uji aliuacha, kwa sababu vitu hivyo ndivyo vinavyoliza watu, na yeye kazi hiyo anaijua. Na kweli walilia. Yule wa miayo alivua miwani.

"Kungekuwa na mlango mmoja tu wa kumpeleka Juma," alimalizia, "yule msichana angekwenda kuona harusi kama watoto wengine, akarudi akamkuta ndugu yake mzima. Mlango huo ndio mnaotaka kuufunga leo."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sumeya hakuthubutu kugeuza shingo. Mkono wa mama yake uliokuwa juu ya goti lake ulijiondoa polepole. Bi Khadijo akasimama, akachukua mkoba wake, akapita mbele ya magoti ya watu huku akiwaomba samahani mmoja mmoja, akatoka.

Kanuni ile ilifutwa wiki hiyohiyo. Kundi la simu la Mtandao lilijaa maua na pongezi mpaka simu ikapata joto. Pumzika ilipona, na Sumeya hakuwa na mtu wa kumwambia alhamdulillahi. Weldon alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili Sumeya akaipokea.

"Sumi, sikutaja jina. Naapa. Nilibadilisha kila kitu."

"Ulitaja redio."

"Sikujua mama yuko pale. Na wale watu walikuwa wanasinzia. Walikuwa wanakufungia kituo, laazizi. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza. Nilikuwa safu ya tatu."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Ndiyo maana hukuuliza."

Sumeya akakata simu, kisha akakaa sakafuni alipokuwa amesimama.

Miezi miwili Bi Khadijo hakumsemesha. Alipika, alifua, alisema chai iko mezani, basi. Sumeya angefurahi kupigwa kofi kuliko kuishi vile. Kisha Ijumaa moja, baada ya swala, mama akiwa na ungo wa mchele mapajani, alianza kuzungumza bila kuinua macho.

"Ulikuwa mtoto. Kazi niliyokupa haikuwa ya mtoto, na nilishakusamehe hata kabla ya kuisikia siri yako." Akaokota jiwe, akalitupa. "Ila ungeniambia mwenyewe, Sumeya. Hapa, mimi na wewe. Mwanangu nimemzika mara mbili sasa, na hii ya pili watu walipiga makofi."

Walilia pamoja mpaka adhana ya alasiri.

Weldon alikuja wiki iliyofuata, shati jeupe limenyooshwa, amekonda shingo. Bi Khadijo alimpokea vizuri, akampa chai na mahamri, akamwambia moyoni hana kitu naye. Kisha akatoka kwenda kwa jirani, akauacha mlango wazi jinsi inavyotakiwa. Weldon alisema yote kwa mkupuo. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaiandika. Sheikh alikuwa tayari kumsilimisha. Aliomba ruhusa tu ya kuleta wazee.

Sumeya alimtazama. Alimpenda, wala hakuna haja ya kuficha. Alipenda hata ule ukosi uliokuwa umemkaa vibaya, na mkono wake ulitaka kuurekebisha.

"Nakupenda, Weldon," alisema. "Lakini juzi daktari alimwambia mama kitu kibaya kuhusu moyo wake. Mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia ni wewe. Nikashika simu, halafu nikajiuliza, hiki nacho kitasimuliwa wapi?"

"Sitakisimulia popote. Mungu ni shahidi."

"Najua. Na bado nilijiuliza. Siwezi kulala na mtu kitanda kimoja huku nikimchagulia maneno." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na kazi usiache. Unaijua kuliko sisi wote."

Weldon alimaliza chai iliyokwisha poa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akaondoka. Sumeya alimsindikiza kwa macho kutoka dirishani hadi alipokata kona kwa kinu cha kusagia posho. Kisha alilala kifudifudi kwenye kochi akalia kwa sauti, na mama yake aliporudi akamfunika khanga.

Machi wanachama wa Mtandao walikutana Bahati, kwenye ukumbi wa kanisa, kupanga ukaguzi wa mwaka. Zamu ilikuwa ya Pumzika kukaguliwa, na Weldon alikuwa kwenye orodha ya wakaguzi. Sheria ni kwamba kila mkaguzi aulizwe mbele ya wote kama ana uhusiano wa karibu na mtu wa shirika hilo, ili akiwa nao aondolewe. Mzee Wanyoike, ambaye habari za vijana hazijui, aliwauliza wawili wa kwanza, wakajibu hakuna. Akafika kwa Weldon. Weldon alisimama. Alikuwa anamwangalia Sumeya tu.

"Kijana, uhusiano upo ama haupo?" mzee akauliza, kalamu mkononi.

Watu wakaanza kugeuka. Sumeya alivuta pumzi.

"Andika haupo, mzee," alisema.

Wanyoike akaandika, akasoma jina lililofuata.