Siku Kengele Aliponyamaza

Haya, mjukuu wangu, kitendawili. Mgeni gani huingia na kutoka mchana kutwa na usiku kucha, haombi hata maji, na hakuna anayemkumbuka mpaka aanze kukimbia? Usinipe mji, nakwambia bure: ni pumzi.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyeshonea sebuleni kwake. Mwanawe wa miezi saba walimwita Kengele, maana cherehani ikinyamaza, yeye huanza. Mama akitunga uzi, kelele. Akibadilisha bobini, kelele. Wateja walikuwa wakimwomba ashone hata kitambaa kitupu, mradi wasikilizane.

Siku hiyo uzi ulikatika mara tatu, na Kengele kimya. Alikuwa na kikohozi tangu juzi, akafunikwa blanketi mbili, amelala mapajani mwa bibi yake, mama mkwe wa fundi. Bibi alijaa furaha. Kila mteja aliyeingia alisimuliwa jinsi mjukuu alivyotulia, na kwamba utulivu huo ameutoa upande wao.

Mchana akaja jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa, kuchukua gauni lake. Bibi akamwanzia habari zilezile. Mhudumu hakucheka. Aliuliza mtoto amenyonya saa ngapi. Fundi akakumbuka kuwa tangu asubuhi kila akimpa ziwa, analishika kidogo na kuliachia.

"Mama, hebu tumfungue kifua," akasema mhudumu.

Akaweka simu yake mbele, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kifua kilipanda na kushuka mara hamsini na nane. Akawaeleza kuwa mtoto wa miezi miwili, mpaka kabla hajatimiza mwaka, akifikisha hamsini anapumua haraka mno. Kisha akawaonyesha chini ya mbavu. Kila Kengele alipovuta pumzi, pale palibonyea ndani.

"Huyu hajatulia, amechoka," akasema. "Huenda ni nimonia. Twendeni sasa hivi, gauni litangoja."

Bibi alitaka kwanza ampe dawa ya kikohozi iliyobaki kabatini. Mhudumu akamkatalia kwa upole. Njiani akawatajia dalili nyingine za kumkimbiza mtoto hospitali: asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayeamka kwa shida. Mojawapo inatosha. Usingoje ya pili.

Hospitalini Kengele akawekewa oksijeni, akachomwa sindano. Muuguzi, kalamu mkononi, akauliza, "Bibi, kwa kawaida mtoto huyu ni mtulivu hivi?"

Bibi akatazama chini. Asubuhi nzima alikuwa ametangaza hivyo kwa kila aliyeingia. Kalamu ikangoja, kisha muuguzi akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Siku ya tatu Kengele alifumbua macho, akatafuta ziwa, akanyonya kwa pupa. Fundi alipomgeuza upande wa pili, akachelewa kidogo kufungua kifungo. Lo! Wodi nzima iligeuka. Mama wa kitanda cha jirani akaziba masikio huku akicheka. Muuguzi akaja mbio, akidhani kumezuka jambo.

Bibi alikuwa amesimama, machozi yanamtoka na meno yote nje.

"Uliniuliza kawaida yake, mwanangu," akasema. "Andika: ndiyo hii."