Nia ya Flora

"Niachie begi langu, wifi!"

"Sikuachii! Unaondoka, na kompyuta imekufa!"

"Mimi ndiye niliyeiua?"

"Nani mwingine? Asubuhi nikikaa mimi inafanya kazi. Mchana ukikaa wewe inazima. Basi niambie, inanipenda mimi na kukuchukia wewe?"

Judith alivuta begi. Flora naye akavuta upande wake. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kuchapiwa barua alisimama, akavaa kofia yake.

"Nitarudi mkishamaliza," alisema, akatoka.

Flora, ambaye majirani walimwita Mama Jastin kwa jina la mwanawe, alikuwa na steshenari ndogo Njombe mjini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Hapo alichapa barua na kutoa kopi. Judith alikuwa mdogo wa mume wake, Romanus. Alitoka Mlangali baada ya kumaliza kidato cha nne, aje ajifunze kuchapa. Flora alikaa kwenye kompyuta asubuhi. Mchana alikwenda kupika, na Judith akashika zamu. Romanus mwenyewe alikuwa Makambako kwenye biashara ya viazi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwaamua.

"Ni hizo filamu zako za kwenye flashi," Flora alisema. "Umeniletea virusi."

"Filamu gani? Flashi yangu ina masomo ya kuchapa. Ifungue uone."

"Niifungue vipi na mashine imezima?"

Judith aliacha kuvuta. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wifi, haya yangeishia humu ndani ningevumilia. Lakini Jumamosi iliyopita ulisimama jumuiya. Ukasema watu waniombee niache kuharibu vitu vya watu. Mbele ya kina mama wote! Tangu siku ile nikienda bombani wananitazama kama mwizi."

 Ni kweli Flora alisema. Jumuiya yao ndogo ya kanisa ilikutana kila Jumamosi nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja. Wakati wa maombi kila mtu aliruhusiwa kutoa nia yake, yaani jambo analotaka liombewe. Flora aliona hiyo ni njia nzuri ya kumwonya mtu bila ugomvi.

"Kuombewa ni jambo baya?" aliuliza.

"Kamwene!" sauti kubwa ilisalimu kwa Kibena mlangoni.

Alikuwa Feliciana, jirani yao. Alifundisha TEHAMA, yaani somo la kompyuta, katika shule moja ya sekondari huko Makambako, na sasa alikuwa likizo. Feliciana hakujua kusema polepole. Mtaa mzima ulijua akiwa amerudi.

"Mnagombea begi au mnacheza kuvutana kamba?" aliuliza. "Nimewasikia tangu kwenye kona."

"Madamu, karibu," Flora alisema kwa aibu kidogo. "Huyu wifi yangu ameniharibia kompyuta. Inajizima yenyewe."

"Inajizima baada ya muda gani?"

"Asubuhi haina shida. Ikifika mchana, akikaa yeye tu, inazima. Tukiiacha inapumzika, inawaka tena. Halafu inazima tena."

Feliciana aliinama chini ya meza. Kasha la kompyuta, lile ambalo watu wengi huliita sipiyu, lilikuwa sakafuni. Lilikuwa limevalishwa kitambaa kizito cha kufuma, chekundu, chenye maua pembeni. Kando yake palikuwa na jiko la mkaa. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Njombe hakuna anayekaa mbali na jiko.

Feliciana aliingiza mkono chini ya kitambaa. Akautoa upesi.

"Mama Jastin! Hapa majiko ni mangapi?"

"Moja."

"Ni mawili. Hili la mkaa na hili ulilolivisha sweta. Nani amelivalisha?"

"Mimi. Nimefuma mwenyewe, ili vumbi lisiingie."

"Ulipoiwasha kompyuta ulikivua kitambaa?"

"Nikivue kwa nini? Madamu, kwenye baridi hii, kompyuta itapata wapi joto?"

Judith alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuambia, wifi. Nilisema kasha linachoma mkono. Ukasema natafuta sababu ya kukwepa kazi."

Flora alitazama pembeni. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Sikiliza," Feliciana alisema. "Kompyuta haisubiri jua ili ipate joto. Ikifanya kazi inatoa joto lake yenyewe. Ndani kuna feni. Feni inavuta hewa ya baridi na kutoa ya moto. Wewe umeziba matundu ya hewa kwa kitambaa, halafu unailetea moto wa mkaa. Joto likizidi, kompyuta inajizima isije ikaungua. Asubuhi imelala usiku kucha, imepoa, ndiyo maana inakuvumilia. Mchana imeshakusanya joto lako lote la asubuhi. Hata angekaa paroko mchana, ingezima."

Judith aliweka begi chini. 

"Kwanza toa hilo jiko," Feliciana aliendelea. "Moshi usiouona wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu. Hata kama kusingekuwa na kompyuta, jiko hilo halikai humu."

Flora alibeba jiko hadi uani, kisha akafungua dirisha. Alirudi na beseni la maji ya sabuni na kitambaa kibichi.

"Hicho ni cha nini?"

"Si tunasafisha?"

"Rudisha! Maji na umeme havikai nyumba moja. Ndani ya kompyuta kila kitu ni kikavu. Mna brashi mpya ya kupakia rangi? Iliyo laini?"

Ilikuwepo. Judith alileta brashi, bisibisi na kisosi. Feliciana alikwenda kwake kuchukua blowa, ile mashine ndogo ya kupuliza upepo. Aliporudi alivuta kiti, akakaa, akakunja mikono.

"Mimi sigusi," alisema. "Nikisafisha mimi, mtanisubiri mpaka likizo nyingine. Mama Jastin, safisha mwenyewe. Judith, msaidie."

Flora aliona uso wake unapata moto. Lakini alipiga magoti.

"Kompyuta yenyewe imeshazima. Sasa zima swichi ya ukutani. Chomoa plagi. Usitosheke na swichi peke yake, waya ukibaki ukutani umeme unaweza kukupata. Judith, piga picha ya nyaya zote kwa simu, mjue kila mmoja unarudi wapi. Sasa chomoeni zote. Bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie kidogo. Umeme uliobaki ndani unaisha."

Walibeba kasha hadi barazani, wakaliweka juu ya meza kavu. Waliliacha lipoe. Wakati huo kila mmoja alijifunga kitambaa safi puani na mdomoni.

"Mama Jastin, vua hilo sweta la sufi."

"Madamu, unataka niumwe kifua?"

"Vaa kanga juu ya gauni. Usiku ukivua sweta husikii linalia cha-cha-cha? Huo ni umeme wa mwilini mwako. Ni mdogo, wewe haukuumizi, lakini vidude vya ndani ya kompyuta unaviua. Kabla hujagusa ndani, gusa kwanza chuma kitupu cha kasha. Kila mara."

Flora alivua sweta. Baridi ilimpata, lakini hakulalamika. Alifungua skrubu za ubavuni na kuzitia kwenye kisosi zisipotee. Akagusa chuma. Akavuta bati la ubavuni, likatoka.

Wote watatu waliinama kutazama.

Ndani palikuwa na majivu. Majivu ya mkaa, ya kijivu, yamelala kila mahali kama unga kwenye mashine ya kusaga. Feni kubwa ilikuwa imezingirwa na nyuzi. Chini ya feni palikuwa na chuma chenye mapezi yaliyopangana kama meno ya kitana. Kati ya mapezi hayo palikuwa pamezibwa kabisa na sufi.

Sufi ilikuwa nyekundu.

Flora aliitambua. Aliinunua mwenyewe sokoni, akaifuma mwenyewe jioni baada ya jioni. Majivu aliyatambua pia. Ni yeye aliyewasha jiko kila asubuhi. Judith hakuwa na sufi. Judith hakuwasha jiko.

"Haya," Feliciana alisema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Brashi."

Flora alianza kupiga vumbi polepole. 

"Shika feni kwa kidole isizunguke. Ukiipuliza ikazunguka kwa kasi inaharibika. Usipulize kwa mdomo, mdomo una mate. Toa nyuzi kwa vidole, usivute kwa nguvu. Judith, puliza na blowa. Iwe mbali kidogo. Puliza, acha. Puliza, acha."

Vumbi lilitoka kama moshi. Upepo ulilichukua kuelekea barabarani.

"Huko Makambako upepo unatuletea vumbi mpaka kwenye ugali," Feliciana alisema. "Kila likizo tunasafisha kompyuta zote za shule. Nanyi fanyeni hivyo kila baada ya miezi mitatu."

"Na hiki kisanduku cha chuma, kinapoingia waya wa umeme?" Judith aliuliza. "Tukifungue?"

"Hapana! Hicho hakifunguliwi nyumbani. Kinatunza umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Kipulize kwa nje tu, kwenye matundu yake. Kikiharibika, mpelekee fundi."

Walipomaliza, chuma kiling'aa. Flora alifunga bati na skrubu zote. Waliweka kasha juu ya meza, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite. Judith aliangalia picha kwenye simu na kurudisha nyaya. Plagi waliichomeka mwisho.

Kompyuta iliwaka. Judith alikaa, akachapa barua ya yule mzee, ambaye alikuwa amerudi. Akachapa na nyingine. Mchana wote ulipita. Flora alikuja mara kwa mara kugusa kasha. Lilikuwa na uvuguvugu tu. Feni ilisikika kwa mbali.

Kila alipogusa kasha, alitamani Judith amtukane. Judith hakumtukana. Alimaliza barua, akazima kompyuta vizuri, akachukua begi lake.

"Wifi," Flora alisema. "Nimekukosea. Nisamehe. Tuyamalize haya."

"Nimekusikia, wifi."

"Sasa begi la nini?"

"Umeniomba msamaha hapa, tukiwa wawili. Lakini hukunisema tukiwa wawili. Wale wanaonitazama bombani hawapo hapa. Nitaishije nao?"

Flora alitafuta jibu. Lilikuwepo moja tu, na hakulipenda. Angeweza kwenda kwa kila mama, mmoja mmoja, kwa siri. Angeweza kungoja watu wasahau. Alijua hawasahau.

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa Jumamosi. Jumuiya ilikuwa inaanza nyumbani kwa Hosea, mwanajumuiya mwenzao, nyumba ya nne kutoka kwao.

"Njoo nami," alisema. "Lete na begi lako. Nikishasema, utaamua mwenyewe."

Alifunga duka. Walipoingia, watu walikuwa tayari wanasali. Judith alikaa nyuma karibu na mlango, begi miguuni. Wakati wa maombi ulipofika, Flora alisimama wa kwanza. 

"Wiki iliyopita niliwaomba mmwombee Judith aache kuharibu vitu vya watu," alisema. "Nilimsingizia. Kompyuta niliiharibu mimi. Niliifunika ikiwa inawaka, nikaiwekea jiko la mkaa kando. Judith alinionya, nikamwita mvivu. Leo tumeifungua. Uchafu wote uliokuwa ndani ni wangu. Mwenye macho ya kumtazama Judith vibaya, anitazame mimi. Nawaomba mniombee mimi, niache kusingizia watu. Ee Bwana, twakuomba."

Baada ya kila nia watu huitikia, "Utusikie." Safari hii hakuna aliyeitikia. Kina mama walitazama sakafu. Flora alibaki amesimama, hajui akae au atoke.

Nyuma, karibu na mlango, Judith alisukuma begi lake chini ya benchi kwa mguu.

"Utusikie," aliitikia peke yake, kwa sauti iliyofika mbele.